AC moja ya vyumba vitatu, au kila chumba na yake? Hesabu za nyumba ya Mombasa

Wifi yangu anamalizia nyumba yake Tudor, kumebaki taili na rangi, na tangu wiki jana ananipigia kila siku kuhusu AC. Ameona video ya mashine moja kubwa inakaa nje halafu ndani inagawa baridi vyumba vitatu vinne, kila chumba na rimoti yake, nje ukuta msafi hauna ule msururu wa mashine zimening'inia, akaniambia wifi hii ndio nataka, nishaamua. Mimi hiyo hiyo nimeishi nayo Bamburi miaka minne. Na nyumba ya mamangu Kisauni tulimwekea zile za kawaida, kila chumba na yake, kwa hivyo naweza kuzilinganisha kwa kuishi nazo sio kwa karatasi ya dukani. Nayaandika yote hapa mara moja maana kwa simu tunaanza na AC tunaishia kwenye harusi za watu.

Kwanza hilo jina. Kwenye video wanaiita hiti pampu na wifi akadhani ni kitu kipya. Ni AC ile ile tu bwana, ila ndani ya mashine ya nje kuna vali inayogeuza gesi ipite kinyume, ikigeuka joto linavutwa kutoka nje linaletwa ndani, nyumba inapata moto. Huko Ulaya na Marekani wanaihitaji, baridi yao inashuka chini ya sifuri. Sisi hata Julai, kusi imekaza na mvua imenyesha, usiku ni nyuzi 21 au 22 hivi, unajifunika leso mambo yamekwisha. Kwa hivyo duka likiwa na ya baridi tu na ya baridi-na-joto na bei ni mbili tofauti, chukua ya baridi tu. Bei zikiwa sawa haina neno, hicho kitufe cha jua kwenye rimoti usikiguse basi, na watoto wasikijue.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Ile ya wifi mafundi wanaiita malti, mashine moja nje na kuanzia mbili mpaka tano ndani. Watu wanasikia "moja nje" wanadhani paipu nazo zitakuwa chache. Hapana. Kwa hizi malti za nyumbani kila chumba kinatoa paipu zake mbili za kopa mpaka kwenye mashine ya nje, na waya wake, na bado kila chumba kina paipu yake ya kutolea maji. Vyumba vitatu ni jozi tatu. Kwangu chumba cha watoto kiko upande wa barabarani na mashine iko nyuma uani, hiyo jozi moja tu ni mita 14, zote tatu zilikula mita 31. Kwa mamangu mashine ya kila chumba imekaa nyuma ya ukuta wa chumba chenyewe, vyumba vitatu vyote mita 11. Na kopa inauzwa kwa mita na bei yake haipunguzwi, halafu paipu ikiwa ndefu kupita kipimo cha kitabu inabidi iongezwe gesi, na kila mita ndefu ni baridi inayopotelea njiani kama lile povu linalofunika paipu halikufungwa vizuri. Ule usafi wa ukuta wa nje unalipiwa.

Lakini paipu sio shida kubwa. Shida kubwa niliijua Ramadhani ya 2025. Mnakumbuka iliingia mwanzo wa Machi, kaskazi imelala, hewa haisongi, hata feni inakupulizia moto. Usiku wa tatu au wa nne nyumba nzima ikazima baridi, sio chumba kimoja, vyote. Fundi akaja asubuhi akafungua mashine ya nje, akanitolea mjusi kafiri amekauka juu ya bodi ya umeme. Mdudu kaingia kutafuta joto, kagusa pasipoguswa, kapiga shoti, kajimaliza na bodi kaimaliza. Sasa ile bodi ya malti sio bodi ya kukuta dukani Mwembe Tayari, ikabidi iagizwe, siku kumi na moja tumelala barazani na mikeka na mbu kama vile hatujawahi kununua AC maishani. Mashine tatu za ndani hazina kasoro hata moja, ziko ukutani zinanitazama.

Kwa mamangu ya chumba chake ilikufa pia, mwaka jana, kompresa. Alifanya nini? Alichukua mto wake akaenda kulala chumba cha wageni. Fundi alikuja baada ya wiki na hakuna aliyemkimbiza. Kwangu mimi mizani ilielemea hapo, na mtu akiniuliza kwa haraka barabarani hiki ndicho namwambia, ukiweka malti umefunga vyumba vyote kwenye kamba moja.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi, au labda hawalijui. Ile mashine ya nje ya malti ni kubwa, yangu ni ya 27,000 BTU, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza. Ni inveta, maana yake kompresa inapunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka. Vizuri. Lakini inapunguza mpaka mahali fulani, haiwezi kushuka mpaka chini kabisa, na mashine kubwa kiwango chake cha chini nacho ni kikubwa. Saa saba usiku nyumbani kwangu kinachowaka ni chumba kimoja tu, kimeshapoa, kinataka baridi kidogo sana, na lile jitu la nje haliwezi kutoa kidogo hivyo, so linazima, linawaka, linazima, linawaka. Hapo faida ya inveta imekwenda. Kwa mamangu ile ya 9,000 inatambaa polepole usiku mzima hata hausikii, na mita ya tokeni nayo inatambaa. Kwa hiyo jiulize usiku kwako vinawaka vyumba vingapi kwa pamoja. Kama ni vyote vitatu kila siku, malti inafanya kazi vizuri tu na tofauti ya stima ni ndogo. Kama ni kimoja au viwili, unalisha ng'ombe upate glasi ya maziwa.

Na kinyume chake pia kipo. Mashine nyingi za malti zinaruhusu jumla ya zile za ndani izidi ile ya nje, yangu ni 9,000 mara mbili na 12,000 moja, jumla 30,000 kwa mashine ya 27,000. Siku wageni wamejaa na vyote viko juu, kila chumba kinapunjwa kidogo. Sio vibaya sana, ila mchana wa Februari unaisikia.

Hebu niseme na lile la nyaya maana lilinichekesha baadaye, siku yenyewe sikucheka. Tulipofungiwa mara ya kwanza, nikiwasha chumba changu kinachopoa ni cha watoto. Changu kinapuliza upepo wa kawaida, cha watoto kinatoa maji ukutani kwa baridi na wala hakijawashwa. Fundi akaongeza gesi. Akapunguza gesi. Akasema mashine mbovu, irudi dukani. Alipokuja fundi mwingine, mzee wa makamo hana maneno mengi, alitazama dakika tano tu akasema paipu za chumba A zimefungwa kwenye vali ya A lakini waya wa A umeingia kwenye B. Yaani rimoti yangu ilikuwa inafungua mlango wa gesi wa chumba kingine. Kwa AC ya kawaida kosa hili haliwezi kutokea kabisa, kuna paipu jozi moja na waya mmoja, utakosea nini. Ndio maana nasema malti inataka fundi aliyewahi kufunga malti, sio aliyewahi kuiona.

Haya, nisionekane nimekuja kuitukana tu. Khalati yangu anakaa Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa mbili, kuta za matumbawe na chokaa nene kama mkono, mbele ni kichochoro ukinyoosha mkono umegusa kwa jirani. Yeye malti ndio jibu lake na nilimwambia hivyo. Eneo lile ni la uhifadhi, huwezi kuning'iniza mashine tatu juu ya mlango wa nakshi na roshani ya mbao, kabla hujagusa ukuta wa mbele unaomba ruhusa, na hata ungeachiwa, ule moto unaopulizwa nje ungeingia moja kwa moja dirishani kwa watu. Yeye ana kiwanja kidogo juu ya paa, mashine moja ikakaa huko, paipu zikashuka kwa ndani kwenye kona ya ngazi. Kutoboa zile kuta ni kazi nyingine, lile jiwe la matumbawe linapukutika, ukitoboa kwa pupa tundu la inchi mbili linatoka la inchi sita.

Na flati za Nyali na Kizingo vivyo hivyo, nyingi zina sehemu moja tu iliyotengwa kwa mashine ya nje na wasimamizi wa jengo hawataki kusikia ya pili. Huna pa kuweka tatu, huna mjadala.

Kuna na ile ya tatu, ya mashine kubwa iliyofichwa juu ya jipsam na hewa inapita kwenye mifereji mpaka kila chumba, na vilango vya umeme vya kufunga vyumba visivyotumika. Inapendeza sana, kama hoteli. Lakini ile mifereji kwa unyevu wetu huu ikifungwa vibaya inatoa jasho, dari inaota madoa meusi, na kusafisha ndani yake sio kazi ya brashi na ndoo. Kwa nyumba ya kujenga upya na hela zipo, haya. Wifi hana hizo hela na mimi nishamwambia.

Ukubwa. Hapa watu wa Mombasa tuna ugonjwa wa "nipe kubwa, joto la huku unalijua". Chumba cha futi 12 kwa 12, 9,000 inatosha. Kikiwa juu kabisa chini ya slebu inayopigwa jua kutwa, au dirisha linatazama magharibi, panda 12,000. Sitingi ya futi 16 kwa 20 ni kati ya 18,000 na 24,000. Ukizidisha, mashine inapoza haraka inazima kabla haijakausha hewa, na joto la Mombasa nusu yake ni unyevu, so utakaa kwenye chumba cha nyuzi 22 na ngozi inanata, na baada ya miezi miwili kanzu kabatini zina ukungu. Chumba cha wageni kwa mamangu tulikosea hivyo, tuliweka 18,000 ya bei ya ofa. Weka nyuzi 25 au 26 na feni polepole juu, utalala kama mtoto.

Stima sasa. Mashine nzuri ya 9,000 ikiwa imekaza inakula kama wati 800, ikishapoza chumba inakaa kwenye 300 mpaka 400. Chukua 400 mara saa 8, ni uniti 3.2 kwa usiku, mwezi ni 96. Vyumba vitatu 288. Tokeni zangu ukijumlisha na makato yote zinanitoka shilingi 28 mpaka 30 kwa uniti, so ni elfu nane na kitu kwa mwezi juu ya friji na pasi na vinginevyo. Na kumbuka ukivuka uniti 100 kwa mwezi unaingia bendi ya juu ya Kenya Power, kwa hivyo mwenye AC bendi ya chini aiage tu. Angalia ile karatasi ya nyota za EPRA, mamlaka ya nishati, moja mpaka tano, nyota nyingi mashine inakula kidogo. Ukitofautisha mashine mbili za bei karibu karibu, angalia hiyo kabla ya jina la kampuni. Kama una sola na betri au unapanga, basi hapo tena zile za mojamoja zinashinda, 9,000 moja unaiendesha kwa inveta ya nyumbani, ile ya betri sio ya ndani ya AC, usiku stima ikipotea, lile jitu la 27,000 likiwaka linakumalizia betri kabla ya alfajiri.

Kuhusu gesi, nunua ya R32. R410A bado ipo na si mbaya, lakini ikivuja angani madhara yake kwa joto la dunia ni mara 2,088 ya kaboni dayoksaidi na R32 ni 675, na R32 unahitaji kidogo kuliko ile. Ila R32 inashika moto kidogo, kwa hivyo fundi asichomelee paipu ikiwa na gesi ndani. Usinunue zile mashine za mitumba zilizotolewa hotelini za R22, gesi hiyo inaondolewa duniani kote na kila mwaka kuipata itakuwa tabu zaidi.

Kufunga ndio kwenye roho ya mambo, na hapa malti au moja moja ni sawa tu, tofauti ni kwamba kosa kwenye malti unalilipa mara tatu. Muulize fundi swali moja, una pampu ya vakyumu? Akikwambia "haina haja, tunatoa hewa kwa kuachia gesi kidogo," mpe chai umshukuru umuage. Hewa ya Mombasa ina maji, ikibaki ndani ya paipu yale maji yanachanganyika na oili na gesi yanakuwa asidi, na asidi inaitafuna kompresa kimyakimya, mwaka wa pili mwaka wa tatu inakufa unasema mashine feki. Pampu inyonye si chini ya nusu saa, kisha aifunge asubiri atazame geji kama mshale unarudi. Ukirudi kuna mahali panavuja. Malti ina miunganisho mingi kuliko ya kawaida, yangu ina kumi na mbili, kila mmoja ni mahali pa kuvuja.

Waya wa AC uwe wake peke yake kutoka kwenye bodi ya breka, sio kupachikwa kwenye soketi ya friji, na fundi wa stima awe na leseni. Weka gadi inayochelewesha dakika tatu mpaka tano stima ikirudi, maana ikirudi inarudi na hasira na bodi ya inveta haina subira.

Halafu chumvi. Hili huko kwenye video hawaliongelei. Ukiwa karibu na bahari mapezi ya alumini ya mashine ya nje yanageuka unga mweupe ukiyashika yanamomonyoka. Tafuta yenye rangi ya kinga, ile ya bluu au ya dhahabu, na iweke upande usiopigwa na upepo wa bahari kama una uchaguzi, braketi iwe ya chuma kisichoshika kutu au iliyopigwa zinki vizuri. Ioshe kila mwezi. Lakini ioshe kwa maji matamu! Jirani yangu alikuwa mtu msafi sana, kila Jumamosi anaiosha mashine kwa mpira wa maji, ya kisima, na visima vyetu hivi mnavijua ni chumvi tupu, yaani alikuwa anaitia chumvi kama mhogo wa kukaanga. Haikumaliza miaka miwili. Mimi natega ndoo kwenye paipu ya maji ya AC, asubuhi nakuta kama lita nane au tisa, hayana chumvi hata kidogo, hayo hayo ndiyo naoshea.

Na kunguru. Wale wa kwetu lile povu jeusi la paipu wanalichomoa vipande vipande kwenda kujengea au kwa ufisadi tu sijui. Pitisha paipu kwenye mfereji wa plastiki wenye kifuniko tangu siku ya kwanza. Na pale waya unapoingilia kwenye mashine pazibwe, wale mijusi.

Basi wifi baada ya yote hayo akanuna siku mbili, akarudi. Ana ukuta wa nyuma mrefu unaotazama uani, hauonekani barabarani, kwa hivyo hoja yake ya ukuta msafi haikuwa na nguvu na mwenyewe akacheka. Amechukua mbili za 9,000 kwa sasa, chumba chake na cha mama mkwe. Cha watoto fundi amelaza kopa ndani ya ukuta kabla ya plasta, ncha zote mbili zimebanwa na kuchomelewa unyevu usiingie, amepitisha na paipu ya maji imeinama kwenda nje, mashine watanunua kabla ya kaskazi ijayo. Sitingi ana madirisha pande mbili na feni, amesema wageni wakija saa nane mchana wajue wenyewe.